Kambi Matundu Haina Siri

Kabla Inspekta Mwadi Ngoie hajashuka kwenye pikipiki, watu wa Kambi Matundu walikuwa wamekwisha kumpata muuaji, wamemhukumu, na sasa walikuwa wanabishana namna ya kumchoma. Mwadi aliwasikia tangu barabarani. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mwenye uso wa mtu anayesubiri umalize uongo wako ili aendelee na kazi. Pale komisaria, kituo cha polisi, wenzake walimwita Mama Polepole, na hawakuwa wanamsifu.

Kambi Matundu si mahali pa kuulizia njia. Ni majengo manne meupe ya ghorofa moja, yenye paa bapa, nguzo nyembamba na ngazi za simiti zinazopanda kwa nje. Wabelgiji waliyajenga kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, miaka michache kabla ya uhuru, na aliyeyachora alipenda matundu. Kila ukuta wa nje umetobolewa vijitundu vya mraba toka juu hadi chini ili hewa ipite. Hewa inapita, na maneno yanapita pia. Mke akinung'unika jengo la kwanza, jengo la pili wanajua ni chumvi iliyozidi au ni mume. Juzijuzi serikali ilikuja kupigilia bango la shaba langoni: kambi yote sasa ni urithi wa taifa, marufuku kuvunja, kuongeza au kuziba. Anayevunja ukuta anapoteza nyumba. Paa zinavuja, lakini bango linang'aa.

Komisa Kabongo alikuwa amesimama kando ya jeep, mkono mmoja juu ya mlango kana kwamba mtuhumiwa wake angeweza kuibwa.

"Mwadi, kazi yako ni kiloko, kidogo tu," alisema. "Mutu tuko naye. Dany Bokungu, mutoto ya soda, askari wa ku base. Jana alifanya kelele na muzee mbele ya bantu bote juu ya kioski yake. Leo asubui njo yeye banamukuta na maiti. Na kitambaa iko mu shingo ya muzee. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta kuona, Komisa."

"Ona mbio. Bantu banataka kumuchoma. Mbele ya saa sita jeep inamupeleka ku parke, na akisha kuingia kule, haiko dossier yangu tena."

Mwadi alijua maana ya maneno hayo. Kijana asiye na ukoo mjini akishapelekwa kwa waendesha mashtaka na kesi ya mauaji, kesi inaweza kumsahau na yeye akazeekea ndani. Aliitazama jeep, akamwona Dany amekaa nyuma, shati limechanika, anawatazama watu waliokuwa wakinunua mkate kwake jana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwadi akajifunga kitenge vizuri, akaenda kwa maiti.

Mzee Edmond Kayembe alilala uvunguni mwa ngazi ya jengo la tatu, amefunikwa kitenge. Katika ujana wake alikuwa mashinisti, akiendesha treni za mizigo. Uzeeni aliongoza komiti ya kuilinda kambi. Kila asubuhi alizunguka na fimbo yake akigonga kuta, kusikiliza ni nani ameongeza tofali. Watu walimsalimia kwa heshima na kumlaani mlango ukishafungwa.

Mwadi alichuchumaa. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika kabla ya alfajiri, na hapa uvunguni simiti ilikuwa kavu. Lakini nguo za mzee zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Alimunyongea inje mu mvua," Kabongo alisema juu ya kichwa chake, "kisha akamuvuta huku, amufiche."

 Mwadi aligeuza viganja vya marehemu. Vilikuwa vimejaa matope, hata ndani ya kucha. Magoti ya suruali yalikuwa yamechubuka na kuchafuka. Visigino vya viatu vilikuwa safi. Na pale ambapo tumbo la ngazi linakaribia sakafu, mahali ambapo umati haukuweza kukanyaga, kulikuwa na alama ya mkono kwenye simiti, ya matope yaliyokauka, vidole vikielekea mbele.

Kisha kitambaa. Kilikuwa ukanda wa kitenge cha kijani, umefungwa mafundo mawili safi. Mwadi aliingiza ngumi yake kati ya kitambaa na shingo. Ikaingia. Akaongeza ya pili. Ngozi ya shingo haikuwa na hata mchubuko. Alikiinua kile kitanzi taratibu, akakipitisha chini ya kidevu hadi utosini. Kikakaa sawasawa. Akakirudisha shingoni kama kilivyokuwa, na Kabongo akamuuliza kama anamvalisha kofia.

"Ni karibu na hivyo," Mwadi alisema.

Kitu cha mwisho kilikuwa kichwani. Nyuma ya sikio palikuwa na kidonda, na damu iliyoganda kwenye nywele ilikuwa imeshika vumbi jekundu. Mwadi alipangusa kidogo kwa kidole. Vumbi la tofali. Ngazi ilikuwa ya simiti ya kijivu, na ukuta ulio karibu ulikuwa mweupe. Miguu ya mzee ilielekea uwanjani. Kichwa kilielekea mlango wa nyumba ya chini, hatua chache tu mbele yake.

Alirudi kwenye jeep.

"Dany, weye njo ulimukuta?"

"Minyi, Mama Inspekteur. Nilikuwa nakwenda kufungula kioski. Bantu ya gare ya treni banakunywaka chai mbele ya kazi. Niliona kichwa ya muntu. Nilimugusa, iko baridi. Njo nikaita bantu. Kama niliua, ningeita?"

"Wengine banaua, kisha banaita. Jana mulisemezana nini?"

"Alisema nilitoboa ukuta ya kambi, nitie dirisha ya kioski. Ni kweli, nilitoboa. Lakini minyi peke yangu? Bote banatoboa. Ya kwangu njo inaonekana, juu iko inje. Na juu baba yangu ni soda, mugeni wa kutoka Équateur. Ya solo, kweli, mama."

"Ulimuvuta?"

"Hapana. Vile nilimukuta njo vile bantu balimukuta."

"Mikono yake ilikuwa namna gani?"

Kijana alifikiri. "Mukono moya ilikuwa chini. Moya ilikuwa inakamata kile kitambaa, kama muntu anataka kukivuta. Bantu njo balimufungula bidole, banatafuta kuona."

"Kitenge cha namna ile mama yako anauzisha?"

"Anauzishaka. Lakini ile rangi bamama bote ba kwaya banayo. Ni uniforme yao."

Kabongo aligonga saa yake. Mwadi akaomba apewe muda wa kupita nyumba kwa nyumba, na Kabongo akampa muda huo kama mtu anayeng'olewa jino.

Hapo ndipo Mwadi alipojifunza kambi ile inavyoishi. Hakuna nyumba aliyoingia asidanganywe. Mjane mmoja aliapa kwa jina la Yesu kwamba hajawahi kuwa na nyundo. Mstaafu mmoja wa reli alijibu maswali yote akiwa amesimama mahali pamoja, amebana mgongo ukutani, akakataa hata kuketi. Katika kila nyumba kabati la nguo lilikuwa limesimama mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kuliweka, nusu limeziba dirisha, nusu limeziba mlango.

"Nyuma ya kabati kuna nini?" Mwadi alimuuliza yule mstaafu.

"Ukuta, mama."

"Ukuta unanuka samaki wa Bukama?"

Mstaafu alilisogeza kabati. Nyuma ya kabati kulikuwa na tundu la kupita mtu, na nyuma ya tundu jiko jipya, moto unawaka, samaki wanakaushwa juu yake. Alianza kuomba. Alikuwa amemdhania Mwadi ametumwa na watu wa urithi, wale wa kutoka Lubumbashi waliotarajiwa kuja na kamera zao. Wote walikuwa wamemdhania hivyo. Na mzee Edmond alikuwa ameahidi kuwatembeza wageni hao nyumba kwa nyumba.

Basi kila mtu alikuwa na sababu ya kumchukia marehemu na kila mtu alikuwa na uongo mdomoni. Ni hali mbaya kwa mpelelezi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini kambi nzima ikidanganya kwa pamoja unabaki kuzunguka. Swali moja tu walilijibu wote sawa, bila kubabaika: usiku walisikia nini?

"Mvua, mama. Mvua tu."

Katika nyumba zenye kuta za matundu, ambamo kikohozi kina wenyewe, jibu hilo lilimkera Mwadi kuliko uongo wote.

Alipanda ngazi kwenda nyumba ya marehemu. Sala, ndiyo sebule yao, haikuwa na kiti. Wanawake wa kwaya, wamevaa vitenge vyao vya kijani, walikuwa wameketi juu ya mikeka wakiimba kwa sauti ya chini. Ndivyo inavyofanywa. Mtu akifa, viti vinatoka, kwa sababu msiba haukaliwi kwenye viti. Nyumba ya marehemu ikikutwa na viti ndani, ni aibu ya ukoo. Mwadi alivua viatu, akaketi mkekani pamoja nao kabla ya kuuliza lolote.

"Wakomapo, bamama."

"Eyo," waliitika.

Aliyewaongoza alikuwa Mama Mathilde, dada mkubwa wa mke wa Edmond aliyefariki zamani. Aliishi nyumba ya chini, ile ambayo mlango wake ulitazamana na kichwa cha marehemu. Mikono yake ilijulikana kambi nzima. Tangu akiwa mke kijana, hakuna maiti ya Kambi Matundu iliyooshwa na mwingine. Alikuwa mrefu, mkavu, na macho yake leo yalikuwa mekundu kweli. Pembeni yake alikaa Jéthro, mtoto wa pekee wa Edmond, fundi wa kujenga. Mke wake mpya alikuwa bado kwa wazazi wake Malemba-Nkulu, amekataa kuja mpaka apate chumba chake.

"Pole, mama," Mwadi alisema. "Nani alitosha biti mu sala, akabiweka inje?"

"Bamama balibitosha," Mathilde alijibu. "Asubui, kilio ilipoanza."

Mwadi akawageukia wanawake. "Nani kati yenu?"

Walitazamana. "Minyi nilikuta bishatoka," mmoja akasema. "Na minyi," akasema mwingine. Ikapita mkeka mzima. Kila mmoja alivikuta nje, na kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, hakuna aliyeuliza.

Mwadi aliinuka, akatoka barazani, mahali palipo wazi juu. Viti vilikuwa vimepangwa ukingoni, vizuri, na mikono ya mtu anayejua kazi hiyo. Alikaza kiganja chake juu ya mto wa kiti kikubwa. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Akakiinua kiti. Chini yake simiti ilikuwa kavu, umbo la kiti, na pande zote ilikuwa bado na unyevu.

 Kisha akarudi mlangoni, akamwita Mama Mathilde na Jéthro, akawaomba wamwonyeshe chumba cha kulala cha marehemu.

Kabati lilikuwa limeziba nusu ya dirisha.

"Lisogeze, Jéthro," Mwadi alisema.

"Ni nzito."

"Weye ni fundi. Lisogeze."

Alilisogeza kwa bega. Nyuma yake ukuta wa ndani, ule wa pembeni ya dirisha, ulikuwa umetobolewa urefu wa mtoto, matofali mekundu yamening'inia juu bila kitu cha kuyashika. Sakafu ilikuwa imefagiwa, lakini vumbi jekundu halifagiki lote. Lilikuwa limejaa kwenye pembe.

"Dany hakumunyonga muzee," Mwadi alisema. "Hakuna aliyemunyonga. Kitambaa kile kinaingia kutoka kidevu kufika utosini. Muntu alifungwa taya, vile maiti banafungwaka. Na biti bililala inje mu mvua. Kwa hiyo kuna muntu aliyejua kama muzee amekufa kabla ya mvua, kabla ya Dany, kabla ya kilio. Huku ku kambi nani anafungaka taya ya maiti, mama?"

Mama Mathilde aliketi juu ya kitanda. Jéthro alisema "Mama mukubwa, usiseme," na yeye akamtazama kama mtu anayetazama chombo kilichovunjika.

"Muzee na huyu balikuwa banagombana jana magaribi," alisema. "Muzee alirudi, akamukuta huyu anapiga ukuta. Muzee alisimama pale pale kwenye tundu. Alisema, mu nyumba yangu? Minyi ninayelinda kambi? Basi piga minyi kwanza."

"Sikumupiga," Jéthro alisema. "Nilipiga juu, nimuogopeshe atoke. Matofali yakaanguka. Mama Inspekteur, sikumupiga baba yangu."

"Alikuja kuniita," Mathilde aliendelea. "Nilimukuta chini. Hakuna pumuzi. Miguu baridi. Mutoto wangu, minyi najua muntu aliyekufa. Nilimufunga taya, nikafunga macho, nikaweka mikono ku kifua. Nikaenda kutosha biti, mikono yenyewe inafanya. Nilikuwa nataka kutoka barazani niite kilio. Njo huyu akanikamata kinywa."

"Juu ya nini?"

"Juu ya nyumba," Jéthro alisema. Alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Bantu ba urithi bakikuta ukuta inavunjika, batanifukuza. Na bote batasema nilimuua. Usiku, kabla ya mvua, tulimushusha, tukamuweka inje ku muguu ya ngazi, kama muntu aliyeanguka. Nilimwambia mama mukubwa atoe kile kitambaa."

"Mdomo ungebaki wazi," Mathilde alisema. "Muzee kama yule. Nilisema asubui nitakuwa wa kwanza, nitakitoa kabla bantu bafike. Lakini Dany aliamuka mbele yangu."

"Na mukanyamaza. Banataka kumuchoma, mukanyamaza."

"Baba yake ni soda," mwanamke alisema taratibu. "Nilisema base itamutosha ku jela."

Mwadi alihisi hasira ikimpanda, hasira ya wazi, na hakuizuia. "Base haitoshake muntu ku jela, mama. Mulimupa mutoto ya bantu kama tofali ya kuziba tundu yenu."

 Huko chini honi ya jeep ililia. Mwadi alitoka barazani, akainama juu ya ukingo, akampigia Kabongo kelele kwamba jeep isiondoke, kwamba anashuka na watu wawili, na kwamba amfungue Dany mikono. Ilibidi arudie. Umati ukaanza kunong'ona upya, safari hii ukitazama juu. Kabongo alitazama saa yake, halafu akatoa ufunguo mfukoni. Mama yake Dany, ambaye asubuhi nzima alikuwa amekaa chini karibu na tairi, alipiga magoti.

Mwadi aliporudi chumbani, Mama Mathilde alikuwa hajasogea.

"Mutoto wangu," alisema. "Nilimuweka mikono ku kifua. Na nilimuweka inje, ku muguu ya ngazi. Bantu banasema Dany alimukuta mu ndani, chini ya ngazi, na mukono iko inakamata kitambaa."

"Ndiyo."

"Mufu anageukaka?"

Mwadi angeweza kusema kwamba daktari ndiye atakayejua. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na ingekuwa huruma ya namna fulani. Lakini kulikuwa na ile alama ya mkono kwenye simiti, na kijana aliyekaribia kuchomwa kwa ajili ya kimya cha watu hawa.

"Hapana, mama. Mufu hageukake. Viganja vyake viko na matope. Magoti pia. Mvua njo ilimuamusha. Alivuta kitambaa kikateremuka ku shingo, akatambaa. Alikuwa anaelekea mulango yako."

Jéthro aliteremka ukutani mpaka sakafuni. Mama Mathilde hakulia. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena upande wa pili.

"Aliniita," alisema.

Mwadi aliketi kando yake kitandani.

"Mu mvua. Sauti kiloko, ku mulango. 'Mathilde, fungula.' Nilimusikia muzuri, kuta hizi unazijua. Bote ba chini balimusikia, na bote balijifunika. Lakini bao hawakujua ni nani. Minyi nilijua. Nilikuwa nimemufunga taya na mikono hii, njo nikasema ni kivuli yake inakuja kuniuliza juu ya nini tulimutupa inje. Na mufu akikuita haujibu. Mama yangu alinifundisha vile, na minyi nilifundisha batoto ba kambi hii bote. Nikaimba. Nikaimba wimbo ya Mungu kwa nguvu, mupaka sauti ikakatika."

Upande wa pili wa ukuta wanawake wa kwaya walimaliza wimbo, wakakaa wakingoja aje awaanzishie mwingine. Mama Mathilde alijiinua nusu, kwa mazoea, kisha akaketi tena.